Hapanuki Kitu: Mama Kija Aiaga Hosteli ya Miamba

Tarehe 30 Juni 1999, Bi. Ng'washi Nkwabi, ambaye mtaa mzima wa Igogo, Mwanza, unamwita Mama Kija, anavua aproni yake ya bluu na kustaafu rasmi baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi katika Hosteli ya Miamba. Miaka yote hiyo ameitumia katika idara moja, ya usafi. Aliingia akiwa na ufagio mkononi, anatoka akiwa Mkuu wa Usafi na Vyumba. Amefanya kazi chini ya mameneja wengi, na karibu wote, kabla ya kuhamishwa, walikuwa wameshajifunza kuvua viatu mlangoni.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mpishi, niandike wasifu huu wa kugawiwa ukumbini kwa sababu jiko langu linapakana na stoo yake, na kwa hiyo nimesikia kila alichosema kwa sauti. Mama Kija husema kila kitu kwa sauti. Nimeambiwa niwe mfupi. Anayemfahamu mhusika anajua kwamba hilo ni ombi gumu, lakini nitajitahidi.

Mama Kija alizaliwa Bujora, jirani na Kisesa, katika familia ya wakulima wa pamba na wafugaji. Baba yake, marehemu mzee Nkwabi, alikuwa kiongozi wa ngoma upande wa Bagika. Kwa wasomaji wasiotoka Usukumani, nami Mkerewe nikiwa mmoja wao, inafaa nieleze kidogo. Kule ngoma hushindaniwa. Pande mbili, Bagika na Bagalu, huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi wa kuketi mezani na kugawa alama. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka, na upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila upande hutumia mbinu zote, na ukiona mtu anacheza na chatu shingoni, ujue kuna watu upande wa pili wameanza kuchoka na anataka kuwahamisha. Binti Nkwabi alikulia katikati ya mambo hayo. Msomaji alishike hilo, kwa sababu mbele ya safari ndilo lililookoa idara nzima.

Aliajiriwa mwaka 1971, wakati hosteli ikiwa mali ya shirika la umma na wageni wetu wengi wakiwa maafisa wa pamba, walimu waliokuja kusahihisha mitihani na wachuuzi wa ng'ombe. Tangu miezi ya mwanzo alikuwa na namna yake ya kukagua. Wenzake walikagua chumba kwa macho, yeye alikagua kwa pua. Alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Chumba kikinuka vumbi, kirudiwe. Kikinuka moshi au samaki, kirudiwe. Hata kikinuka sabuni kilirudiwa, maana yake hakikusuuzwa vya kutosha. Kikiwa safi alifumbua macho na kusema maneno mawili tu: "Hapanuki kitu."

Hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa aliyowahi kumpa mtu. Wapo waliofanya kazi naye miaka mingi na kuisikia mara chache. Kashindye, mfua shuka wetu, anaapa kwamba aliambiwa hivyo siku ya ndoa yake, Mama Kija alipomsogelea mbele ya kanisa na kunusa kola ya suti. Bibi harusi alidhani ni mila ya Kisukuma na akatulia.

Vifaa vyake havikuwa vya ajabu. Alikuwa na sabuni ya kipande, majivu ya jikoni kwangu yaliyochekechwa, mchanga laini wa ziwani, limau, ufagio wa chelewa na brashi. Juu ya yote hayo alikuwa na miamba. Kila mtu Mwanza ana mwamba nyuma ya nyumba na wengi huulalamikia, lakini yeye aliyageuza majabali ya nyuma ya hosteli kuwa mali ya idara. Yalipigwa brashi na kumwagiwa maji asubuhi, yakaachwa yashike joto, kisha mashuka yakatandazwa juu yake. Jua likipiga kutoka juu na jiwe likichoma kutoka chini, shuka iliyokuja na doa la chai ilirudi kitandani nyeupe pee.

Nisije nikaonekana nampaka mafuta, niseme pia alikosea, tena alikosea kwa nguvu zilezile. Kuna mwaka alisugua milango ya upande wa ziwani kwa majivu na mchanga hadi namba za vyumba zikafutika zote, na usiku huo afisa mmoja wa pamba akaingia chumba cha mwalimu mkuu mmoja wa kike kutoka Magu, akatolewa kwa kandambili. Kuna siku alichemsha sweta ya sufu ya mgeni ili itoke safi kweli, ikatoka safi kweli, na ikamwenea mtoto wa darasa la kwanza. Sweta hiyo bado ipo stoo. Aliyeinusa anasema hainuki kitu.

Kisha ikaja miaka ya tisini, biashara ikafunguliwa. Waliokuwepo wanakumbuka: baada ya ile miaka ya kupanga foleni ya kipande cha sabuni, ghafla maduka ya Mkuyuni yalijaa sabuni za rangi zote, na pembeni ya sabuni yakasimama madumu ya dawa ya klorini. Klorini ilikuwa fasheni. Ilisemekana kwamba nyumba isiyonuka dawa bado ni chafu, hata kama sakafu yake inang'aa. Akina mama wa mtaani kwetu waliimwaga kila mahali. Waliimwaga kwenye sinki, kwenye meza ya chakula, kwenye ndoo ya kufulia. Kitenge kilichonunuliwa Ijumaa kilikuwa na ramani ya Afrika kufika Jumapili. Mtu akijisifu kwa Mama Kija kwamba nyumba yake inanukia dawa, alijibiwa swali ambalo sasa linarudiwa hadi na watoto wa Igogo: "Nani kakwambia usafi una harufu?"

Mwaka 1995 hosteli ilibinafsishwa. Aliyeinunua ni Bwana Rahim Mbaruku, ambaye familia yake imekuwa na duka mjini tangu enzi za babu yake. Tunamshukuru kwa mengi. Alileta magodoro mapya, akapaka rangi, akarekebisha mabomba. Lakini mwezi Agosti alituita ukumbini na kutangaza kwamba hosteli za kisasa hazina tena wafagiaji wao wenyewe. Usafi ungekabidhiwa kampuni binafsi iliyofungua ofisi mjini, yenye sare, glovu na madumu yake ya klorini. Watu wa idara ya usafi wangepunguzwa.

Neno hilo, kupunguzwa, lilikuwa likizunguka mjini mwaka huo kama homa. Gladness, mfagiaji mwenye watoto wawili na chumba cha kupanga Mkuyuni, alijifunika uso kwa tambara la deki. Kashindye alikuwa ndio kwanza amefikisha nyumba yake kwenye lenta, paa bado. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Mama Kija alisimama. Tulitegemea kishindo, lakini aliuliza kwa upole kama hosteli ina upande mmoja au pande mbili. Bwana Rahim akajibu kwamba ni pande mbili, wa barabarani na wa miambani, na katikati kuna ua.

"Basi uwanja upo," akasema Mama Kija. "Waje tucheze."

Bwana Rahim ni mtoto wa Mwanza. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alielewa vizuri sana alichoambiwa. Masharti yalikubaliwa palepale. Kampuni ingesafisha upande wa barabarani kwa dawa zake, Mama Kija na watu wake wangesafisha upande wa miambani kwa vitu vyao. Bei ni moja. Kila mgeni angeonyeshwa pande zote mbili na kulala anapotaka, na angeruhusiwa kuhama saa yoyote. Jumapili jioni upande wenye watu wengi ndio ungekabidhiwa hosteli nzima. Mama Kija akishindwa angeondoka na watu wake bila ugomvi, na alilisema hilo mwenyewe mbele yetu sote.

Msimamizi wa kampuni alikuwa Nestory Chenge, kijana mtanashati, mwenye adabu na kalamu mfukoni. Watu wake waliingia Jumatatu na sare za njano, na kufika saa nne upande wa barabarani ulikuwa unanukia hadi getini. Hapa ni lazima nikiri kwa niaba ya wateja wetu kwamba walivutika. Mgeni alishuka na mizigo, akavuta hewa upande wa kwanza, akasema hapa ni kama hospitali ya rufaa, naam, hapa ni pasafi. Akipelekwa upande wa Mama Kija alivuta hewa asisikie kitu, akadhani hapajasafishwa. Jikoni kwangu chai ilianza kuwa na ladha ya dawa, lakini nani alimuuliza mpishi?

Alhamisi ilifika kwaya kutoka Ukerewe, imekuja kwa tamasha la Jumapili. Ndugu zangu kabisa, wa kisiwa kimoja! Niliwapungia mkono, nikawaonyesha kwa kidevu waende upande wa miambani. Mwalimu wao, Yeremia, alizunguka pande zote mbili kwa makini, mikono nyuma, kisha akaipeleka kwaya nzima upande wa barabarani. Niliona aibu ya ukoo mzima.

Jioni hiyo upande wa Mama Kija alibaki mchuuzi mmoja wa ng'ombe aliyekuwa akija kwetu tangu zamani, ambaye alisema yeye analipia kulala, halipii kunusa. Gladness alimfuata Mama Kija stoo akamsihi wanunue dumu moja tu, wanyunyizie kizingitini, ndani waendelee na sabuni yao kama kawaida. Wageni wapate harufu waliyoizoea, kazi zipone. Lilikuwa ombi la mtu mwenye watoto na halikuwa la kipumbavu. Mama Kija hakumfokea. Alikaa juu ya jiwe la kufulia na kunyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikusikia kitu kutoka stoo, na ukimya ule ulinitisha kuliko tangazo la Bwana Rahim.

Alipoinuka alimwambia Gladness hivi, na Gladness amelikumbuka neno kwa neno: "Wakishinda kwa dawa nasi tukaweka dawa, tutakuwa tumecheza ngoma yao. Kesho tunatoka nje."

Upande unaoshindwa, kule Bujora, haurudi nyumbani. Unasogea katikati ya uwanja. Ijumaa asubuhi tuliamka na kukuta ua umejaa. Magodoro yote ya upande wa miambani yalikuwa juani yanapigwa fimbo. Mito imepangwa kwenye ngazi. Katikati kulikuwa na masufuria yangu makubwa ya ubwabwa, yaliyochukuliwa bila ruhusa, mashuka yakitokota ndani yake. Watu wa idara walijipanga mstari mmoja, brashi mkononi, wakisugua sakafu ya kibaraza kwa mtindo wa vikundi vya kulima vya kwao, vinavyosogea pamoja na jembe kwa wimbo. Mama Kija aliongoza wimbo, wengine wakaitikia, na brashi zote zilishuka chini kwa pigo moja. Kashindye alirusha yake hewani, akazunguka, akaidaka bila kukosa pigo. Wakimaliza kipande, walimwaga maji, wakageuka, wakaanza kingine.

Wageni walitoka vyumbani kutazama. Walitoka na miswaki mdomoni. Wapita njia waliingia getini. Mama mmoja wa Igogo alipewa shuka iliyotoka mwambani aishike. Akaiweka shavuni, akafumba macho, akakaa hivyo. Kufika mchana baadhi ya wageni walikuwa wanahamisha mabegi yao kimyakimya, na mchuuzi wa ng'ombe akapata majirani.

Nestory aliona watu wanamponyoka. Kijana hakuwa mbaya, alikuwa mshindani, na alifanya kosa ambalo nadhani lisingeweza kufanyika mahali pengine popote. Aliamuru dawa iongezwe. Halafu, kwa kuwa upepo wa ziwani ulikuwa unaipeperusha harufu, akaamuru madirisha yote ya upande wa barabarani yafungwe, usafi usitoke nje.

Jumamosi asubuhi kwaya ilikaa vyumbani na kwenye korido kufanya mazoezi. Mwalimu Yeremia alitoa sauti ya kuanzia. Kilichofuata tulikisikia hadi jikoni, na hakikuwa wimbo. Walikohoa wa sauti ya kwanza, wakakohoa wa sauti ya pili, besi wakabaki wanajaribu peke yao huku wanafuta machozi. Queen, binti mwenye mashairi yote ya peke yake siku ya tamasha, alifungua kinywa kikatoka kitu kama bawaba ya mlango. Wakafungua madirisha. Vijana wa sare za njano wakaja kwa heshima zote na kuyafunga, wakieleza kwamba samahani sana, kazi yao itapotea.

Mwalimu Yeremia ni mtu mpole. Alichukua sanduku lake, akatoka hadi katikati ya ua, akasimama kwenye upepo na kuvuta pumzi. Akageuka akatazama miamba iliyofunikwa mashuka meupe. Kisha akainua mkono kama anavyoinua mbele ya kwaya, na kwaya yake ikatoka mlangoni, mmoja nyuma ya mwingine, mabegi kichwani. Sauti hawakuwa nayo, kwa hiyo walivuka ua wakiguna wimbo midomo ikiwa imefungwa, taratibu, hatua kwa pigo. Watu wa Mama Kija wakaacha kazi na kuanza kugonga ndoo kwa mwendo uleule. Nilitupa mwiko. Nilipiga vigelegele hadi nikasahau nina vitunguu motoni, na sijutii vile vitunguu hata leo.

Waliobaki upande wa barabarani wakafuata. Hadi mchana vyumba vya miambani vilikuwa vimejaa na watu wanaomba kulala kwenye kibaraza. Hapakuwa na haja ya kusubiri Jumapili. Bwana Rahim alikuwa amesimama mapokezi na kikombe cha chai alichokuwa hajakinywa, na sababu ya kutokukinywa naijua mimi. Alivuka ua, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama Kija. Bagika mmeshinda."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Sasa waambie hawa kwamba kesho waje kazini."

Akawaambia, mbele ya wageni, mbele ya Nestory, mbele ya mchuuzi wa ng'ombe. Idara ya usafi ingebaki na watu wake wote. Gladness alilia kwenye tambara lilelile la deki. Bwana Rahim alitoa beberu, nami nikapewa heshima ya kumshughulikia. Queen alikunywa maji ya tangawizi kutoka jikoni kwangu na kulala dirisha likiwa wazi, na Jumapili aliimba hadi wazee wa kanisa wakasimama.

Wengine wangeishia hapo na kuringa maisha yote. Mama Kija aliringa pia, nisimsingizie unyenyekevu. Ile wiki ameisimulia mara nyingi mno na kila mara kwaya inaongezeka watu. Lakini ukubwa wake, kwa maoni yangu, ulionekana baadaye.

Kampuni ile ilihama mji kabla ya mwaka kuisha, na Nestory akabaki bila kazi. Siku moja alikuja getini, sare ya njano imepauka, akaomba kuonana na Mkuu wa Usafi. Tulisogea wote karibu na mlango wa stoo kusikiliza atakavyofukuzwa. Mama Kija alimuuliza kama anajua kufungua dirisha. Nestory akasema anajua. Akapewa brashi, akaonyeshwa miamba.

Mwishoni mwa 1997 zilikuja mvua za El Nino na kipindupindu kikaingia mjini. Mgeni wetu mmoja kutoka visiwani alizidiwa chumbani na kukimbizwa hospitali. Asubuhi hiyo wafanyakazi wote tulimtazama mtu mmoja. Mama Kija alikuwa ameshinda mbele ya mji mzima kwa kukataa klorini. Akiigusa leo, atacheka nani? Asipoigusa, atakufa nani?

Hakuchukua muda hata wa kufunga kilemba. Alimwita Nestory kwa sauti iliyofika barabarani: akalete dawa, kwa sababu yeye ndiye anayejua vipimo vyake. Nestory alipima, Mama Kija akavaa glovu, akaingia chumba cha mgonjwa yeye wa kwanza. Sakafu, kitanda, choo, ndoo, vitasa, vyote vilipigwa klorini. Mashuka yalilowekwa humo. Madirisha yaliachwa wazi kote, na hakuruhusu ichanganywe na limau wala na dawa nyingine yoyote. Upande wote ulinuka hadi macho yakatuwasha, na ni yeye aliyesema iongezwe kwenye vyoo. Maji ya kunywa nilichemsha mimi, mchana kutwa.

Kashindye, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, alimuuliza kama sasa Bagika wamehamia Bagalu. Mama Kija alimjibu akiwa amepiga magoti chooni. "Nilisema sebule haitaki klorini. Nani alikwambia kipindupindu ni vumbi?" Hakuna mgeni mwingine wala mfanyakazi aliyeugua. Ugonjwa ulipoondoka mjini, madumu yalirudishwa kabatini, kufuli likafungwa, na ufunguo akakabidhiwa Nestory mkononi.

Kwa hiyo, kwa mama wa nyumbani anayeuliza bado, na wanamuuliza hadi sokoni, jibu la Mama Kija ndilo hilo. Nyumba ya kila siku inataka sabuni, maji, jua, dirisha wazi na mkono usio mvivu. Siku ugonjwa ukigonga hodi, hapo klorini ina kazi, nayo ipimwe na anayejua kuipima. Amelifundisha hilo kwa wasichana na wavulana wengi ambao leo wanaongoza usafi katika hoteli za Musoma, Bukoba na Shinyanga, na kila mmoja wao anakagua chumba akiwa amefumba macho. Hakuna urithi mkubwa kuliko huo ambao hosteli yetu imeutoa, na nasema hivyo nikiwa mpishi mzuri.

Swali moja lilibaki likitukaa rohoni: akiondoka, nani atashika idara, na je, Bwana Rahim hatarudi kwenye habari za makampuni? Mwezi uliopita Bwana Rahim alimwachia Mama Kija achague mwenyewe. Alikataa kutaja jina. Alisema atajua siku ukumbi wa sherehe utakaposafishwa.

Ukumbi mlimoketi sasa ulisafishwa jana, na Nestory Chenge na watu wake. Mama Kija alikuja alasiri kwa ukaguzi wake wa mwisho. Kijana alisimama mlangoni wima, mikono mgongoni, jasho limemtoka. Gladness na Kashindye walijificha nyuma ya viti. Mama Kija alifumba macho akavuta pumzi. Akatembea hadi katikati, akavuta tena. Akaenda hadi dirishani, likiwa wazi, akakaa hapo kwa muda mrefu akitazama miamba yake. Tulidhani amepata kasoro. Aliporudi mlangoni macho yalikuwa na machozi, na safari hii hatukuweza kuisingizia klorini. Alivua funguo za stoo shingoni, akamvika Nestory.

"Hapanuki kitu, mwanangu."

Mama Kija, unarudi Bujora msimu wa ngoma, na tunawaonea huruma Bagalu. Hosteli ya Miamba inakushukuru kwa kila sakafu, kwa kila shuka, na kwa kazi zetu ulizozipigania na kuzirudisha. Wabeja sana, asante sana. Tunakuombea jua la kutosha, maji ya karibu, afya njema, wajukuu wengi wa kuwakagua, na asubuhi ndefu zisizonuka kitu.

Odeta, Jikoni
Kwa niaba ya wafanyakazi wote